Nani Kakupa Kalamu? Mjadala kutoka Vihingo, Kisarawe

MWANDISHI: Hadithi imeisha tangu mwaka jana. Iko kwenye kaunta buku mbili chini ya godoro, sijaipeleka popote. Sitaki kuzunguka: mimi si mwandishi. Nilimaliza kidato cha nne nikapata divisheni foo. Asubuhi nauza vitumbua, usiku naandika. Mtu akiniuliza shughuli yangu namwambia vitumbua, maana nikisema naandika najiona tapeli. Kitabu kikitoka, iko siku mtu atasimama mbele za watu aulize huyu naye katokea wapi. Hapo nitaumbuka.

MHARIRI: Dada, hofu hiyo ina wenyewe wengi. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika juu ya wanawake wasomi, wenye vyeti na vyeo vyao, ambao moyoni waliamini wamefika pale kwa bahati tu na kwamba siku yoyote watagundulika. Vyeti havikuwatoa hofu. Kwa hiyo usidhani ungepata divisheni wani ungelala usingizi. Na kwa uzoefu wangu wa kusoma miswada, wanaonitumia barua ndefu ya kujisifu huwa nawaacha njiani. Wanaoomba radhi ndio huwa nafika nao ukurasa wa mwisho.

MWALIMU: Hapo unambembeleza. Wako wanaoomba radhi na kazi yao ni mbovu kweli, na radhi ni haki yao kuiomba. Shaka si cheti cha kipaji, ndugu Mhariri. Nimesahihisha insha mpaka nimestaafu. Wako watoto waliokuwa wakitetemeka kunikabidhi daftari, na walitetemeka kwa sababu hawakuandika vizuri na walijua. Mtoto kama huyo ukimwambia ana hofu tu, umemnyang'anya kitu pekee alichokuwa nacho sawasawa.

MWANDISHI: Mwalimu, hao watoto walitetemeka kwa sababu ya kalamu nyekundu. Mimi mmoja wao, si kwako, kwa mwalimu mwingine. Niliandika insha ya safari, nikaeleza gari lilivyokwama kwenye tope, likalala njiani usiku kucha. Akaandika pembeni: nje ya mada. Mpaka leo nikifika mahali hadithi inapoanza kunoga, nayasikia yale maneno.

MWALIMU: Nakubali tunachangia. Tena si kalamu nyekundu tu. Mtoto wa hapa anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akivuka kwenda sekondari masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Miaka minne ananakili ubaoni asichokielewa vizuri. Akitoka, Kiingereza hakukipata, na Kiswahili ameshaambiwa kwa vitendo kuwa si lugha ya kufikiria mambo mazito. Huyo unamweleza habari za wanasaikolojia wa Marekani! Wale akina mama walikuwa na shahada wakijihisi hawana. Huyu binti aliambiwa hana, kwa maandishi, kwenye cheti chenye muhuri. Si ugonjwa mmoja.



MHARIRI: Iwe mmoja au miwili, dawa ni kupeleka kazi. Mlango upo. Taasisi ya Elimu Tanzania inaendesha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Washindi wa kwanza walitangazwa Aprili 13, 2023, siku ya kuzaliwa kwake Mwalimu Nyerere. Mshindi wa kwanza anapata shilingi milioni 10, na kitabu kinachapishwa na kusambazwa shuleni. Hawakuulizi divisheni. Unatuma mswada.

MWANDISHI: Na watakaousoma ni maprofesa. Kamati ilipoanza mwenyekiti alikuwa Profesa Penina Mlama. Huyo nimemsoma. Mimi nimtumie nini?

MHARIRI: Mtumie ulichoandika. Profesa Mlama huyohuyo, alipotoa tamthiliya ya Hatia mwaka 1972 akiitwa bado Penina Muhando, alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu aliyezaliwa kijijini Berega, Kilosa. Uprofesa ulikuja baadaye. Haji Gora Haji wa Tumbatu je? Chuo alichosoma ni cha Kurani. Alivua samaki, akasafiri na majahazi, akabeba mizigo bandarini. Leo vyuo vikuu vinafundisha mashairi yake. Na Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha.

MWALIMU: Shaaban Robert amegeuzwa panadoli, kila kichwa kikiuma anatajwa yeye. Basi mtaje vizuri. Alifariki mwaka 1962. Kufikirika imetoka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zimetoka 1968. Mtu tunayemwita baba wa fasihi yetu aliingia kaburini na baadhi ya kazi zake kubwa hazijachapishwa. Mfano huo haumwondolei binti hofu. Unamwonyesha kwamba hata kazi ikiwa nzuri, mlango unaweza usifunguke ukiwa hai.

MHARIRI: Lakini aliziandika, Mwalimu. Ziliweza kuchapishwa kwa sababu zilikuwepo.

MWALIMU: Na hizi za huyu zipo pia, chini ya godoro.

MHARIRI: Godoro lina kunguni na mvua. Tuzungumze ya kweli.

MWANDISHI: Mnavyozungumza kama nimeshakufa! Mimi naogopa walio hai. Naogopa watasema hiki si Kiswahili. Mimi naandika kama tunavyosema hapa, na hapa tunachanganya na Kizaramo. Nikisoma vitabu naona watu wanavyopanga maneno, nikirudi kwangu naona aibu.

MHARIRI: Kuli ya Adam Shafi ilitoka 1979, na watu wa bandarini humo ndani wanazungumza kama watu wa bandarini. Na ikachapishwa hivyohivyo.

MWALIMU: Hapo niko na Mhariri, na nitamwongezea, kwa sababu hofu ya binti haikutoka hewani. Miaka ya 70 nchi hii iligombana juu ya nani ni mshairi na nani si mshairi. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyo na vina wala mizani, wazee wa fani walikasirika. Walikuwa na hoja zao. Sheikh Amri Abedi alikwishaandika sheria za kutunga tangu mwaka 1954, na kwao shairi bila vina ni maneno tu yaliyokatwakatwa. Kwa hiyo Kezilahabi hakuhitaji kujishuku mwenyewe. Kazi hiyo alifanyiwa na wengine, magazetini na kwenye makongamano. Rosa Mistika, riwaya yake ya 1971, iliwahi kuzuiwa mashuleni, kisha miaka ikapita ikawa kitabu cha mtihani. Alifariki mwaka 2020 akiwa ameacha riwaya, tamthiliya na diwani. Kuna watu wanakaa mlangoni na kuuliza umetumwa na nani, na huwepo kila zama.

MHARIRI: Kwa hiyo unakubali apeleke.

MWALIMU: Sijafika huko. Nimesema wapo wanaokataa watu kwa sababu mbaya. Sijasema kila kinachokataliwa ni kizuri. Kezilahabi alizijua zile sheria kabla ya kuziacha. Binti, unayo kaunta buku hapo? Nimesoma sura nne ulizonipa. Nizungumze mbele yao?

MWANDISHI: Zungumza, Mwalimu. Wamekuja kwa hilo.

MWALIMU: Sura ya pili, pale baba anapolala porini akilinda tanuri la mkaa, sina la kuongeza. Umeeleza magogo ya mtondoro yanavyopangwa, majani juu, udongo juu ya majani. Umeeleza kwamba ukiona mwali umetoboa lazima upande kuziba upesi, la sivyo asubuhi unakuta majivu. Umeeleza moshi unavyoanza mzito mweupe na unavyokwisha mwembamba wenye ubuluu, na kwamba anayejua anautazama moshi na kusema leo tunafukua. Sijawahi kuyasoma haya kitabuni, na mkaa huo Dar es Salaam yote inaupikia. Sasa sura ya nne. Yule bosi wa Masaki, Masaki ya Dar, siyo hii Masaki yetu ya Kisarawe, ana ofisi yenye zulia, ana katibu mrembo, anakunywa mvinyo saa nne asubuhi. Umeingia ofisi hiyo?

MWANDISHI: Hapana.

MWALIMU: Umeitoa kwenye sinema. Ukiwa unaandika sura ya nne usiku, ukasikia sauti inakwambia wewe tapeli, sauti ile ilikuwa inasema kweli. Ulikuwa unatapeli. Ukiandika sura ya pili ukaisikia sauti ileile, ilikuwa inaongopa. Ndiyo maana siwezi kukwambia usiisikilize kabisa, kama anavyotaka Mhariri.

MWANDISHI: Vizuri, Mwalimu, lakini sauti ni moja. Haiji na namba ya ukurasa. Mimi sura ya pili niliichana mara nyingi kuliko ya nne. Ya nne niliiandika kwa raha, nikaona sasa nimefanana na waandishi. Kwa hiyo hicho kipimo chako mimi kinanipotosha. Panapouma ndipo nilipokuwa sawa, paliponifurahisha ndipo nilipoharibu.

MHARIRI: Ndiyo kazi ya mhariri hiyo. Mwenye kazi hawezi kuipima akiwa peke yake usiku na kibatari. Mwalimu Nyerere alifasiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikatoka mwaka 1963. Mwaka 1969 akatoa tafsiri nyingine ya tamthiliya ileile, ameipitia upya. Rais wa nchi! Na alianza kwa kuchapisha. Angengoja mpaka aridhike, ya kwanza isingetoka, na ya pili isingejua pa kusahihisha.

MWALIMU: Rais wa nchi hakuna anayemrudishia mswada. Alikuwa na nafasi ya pili mfukoni. Huyu akichapisha kitabu chenye sura ya nne ile, watamsoma mara moja na kumfunga. Ninyi wa mjini mnasema kosea mbele za watu ujifunze, kwa sababu mkikosea mna pa kujificha. Vihingo mtu akikosea anakutana na kosa lake kisimani.

MHARIRI: Na asipotoa anakutana na nini kisimani? Ndoo. Mwalimu, umemsifia sura ya pili kuliko nilivyosikia mhadhiri yeyote akisifia, halafu unamwambia angoje. Angoje nini? Wewe mwenyewe una mashairi yako, naambiwa. Yako wapi?

MWALIMU: Yapo.

MHARIRI: Yapo wapi?

MWALIMU: Tusitoke kwenye mada.

MTAMBAJI: Mwacheni Mwalimu. Mmezungumza sana na mimi nimenyamaza, sasa nipeni nafasi. Mimi kusoma sijui. Natamba hadithi tangu sijaolewa, na hata siku moja sijaulizwa nani kakupa ruhusa. Nikisema hadithi hadithi, wanaitika hadithi njoo. Wakiitika, nimeruhusiwa. Wakisinzia, najua nimeharibu, nabadilisha palepale, namleta sungura hata kama hakuwemo. Huyu mjukuu wangu anatambia ukuta. Ukuta hauitiki. Atajuaje?

MHARIRI: Bibi umesema yote. Asome mbele za watu. Dada, kuna mtu ameshausikia mswada huu ukiacha Mwalimu?

MWANDISHI: Dada wa steshenari Mlandizi. Nilimpelekea sura mbili anichapie. Nilikaa pembeni kwenye benchi, yeye anachapa, foleni ya watu wa kutoa kopi za vitambulisho inamsubiri. Ghafla akaacha kuchapa. Akawa anasoma tu. Mtu wa nyuma akamwambia dada tunachelewa. Akaniuliza, "Huyu baba aliyepanda juu ya tanuri anapona?" Nikamwambia iko sura ya sita, sijaja nayo. Akanipunguzia hela.

MHARIRI: Na sura ya sita ukampelekea?

MWANDISHI: Sikurudi.

MHARIRI: Kwa nini, dada? Mtu kakuitikia hadithi njoo, ukakimbia!

MWANDISHI: Kwa sababu huyo baba hakupona, na si baba wa kutunga.

MTAMBAJI: Ndipo ninapotaka kufika hapo. Nimesomewa kipande na mtoto wa jirani. Yule aliyepanda kuziba tanuri ganda likakatika akaingia motoni, kijiji kizima kinamjua. Mkewe yuko hai. Ile habari alinieleza mimi usiku wa matanga, nami nilikueleza wewe, mjukuu wangu, jikoni kwangu, tukipaaza mchele. Hukuniambia unaandika.

MWANDISHI: Jina nimelibadilisha, Bibi.

MTAMBAJI: Umebadilisha jina, ukaacha kovu la mguuni, ukaacha baiskeli yake nyekundu, ukaacha hata kikohozi chake. Hapa Vihingo jina linahitajika kwa nani?

MHARIRI: Bibi, kwa heshima zote, waandishi duniani kote huchukua habari za watu. Abdulrazak Gurnah ametoka Zanzibar kijana, ameishi Uingereza, na vitabu vyake vimejaa watu wa pwani hii. Mwaka 2021 akapewa Nobeli. Simu ilipopigwa alidhani ni watu wa kusumbua kwa simu. Angeomba ruhusa kwa kila mtu wa Unguja, angeandika nini?

MTAMBAJI: Huyo simjui, na huko aliko hakutani na mjane kisimani. Mtani wangu wewe, Mnyamwezi tangu zama za misafara kazi yenu kubeba mizigo kuipeleka pwani, hata habari za watu unaona ni mzigo wa kubebwa tu!

MHARIRI: Na ninyi Wazaramo kazi yenu kukaa mlangoni mwa pwani mkituuliza tunakwenda wapi. Sawa, nimekosa, mtani. Lakini sijajibiwa.

MWANDISHI: Nijibu mimi. Bibi amesema jambo nililolikwepa tangu mwanzo. Nilisema naogopa kwa sababu ya divisheni foo. Nikasema maprofesa. Nikasema Kizaramo. Yote kweli, lakini usiku nikiichana sura ya pili sikuwa nawaza profesa. Nilikuwa namwona yule mama. Nilijiona tapeli kwa sababu nilipewa kitu jikoni nikakiweka kwenye karatasi bila kumwambia mtu. Nikasoma mahali kwamba hali ya kujiona tapeli inawapata waandishi wote, nikafurahi sana, nikasema kumbe ni hali tu, itapita. Sasa kama nina deni, kuambiwa ni hali kunanisaidia nini?

MWALIMU: Ndiyo maana nilisema ngoja.

MWANDISHI: Hapana, Mwalimu, wewe ulisema ngoja kwa sababu ya zulia la Masaki. Zulia naliondoa leo, halinipi shida.

MHARIRI: Angalieni mnachofanya. Mlianza na cheti, mkaja kwenye lugha, mkaja kwenye sura ya nne, sasa deni. Kila mlango ukifunguliwa mnajenga mwingine nyuma yake. Nimewaona watu wakifa na miswada kwa namna hii. Hofu hujua kuvaa. Leo imevaa adabu, kesho itavaa dini. Dada, una uhakika hii si ileile ya divisheni foo imebadilisha kanga?

MWANDISHI: Sina uhakika. Ila hii naweza kwenda kuiuliza. Yule mama anakaa mwendo mfupi tu kutoka kwangu. Divisheni foo sikuwa na wa kumuuliza.

MWALIMU: Na ukimwuliza akakataa?

MWANDISHI: Natoa sura ya sita. Naacha ya pili, maana kulinda tanuri nimelinda mwenyewe na baba yangu.

MHARIRI: Ukiitoa ya sita hakuna kitabu. Hadithi nzima inakwenda pale. Hata dada wa steshenari amelijua hilo.

MTAMBAJI: Kwani nani kasema atakataa? Ninyi mmeshamkatalia. Mimi nilichotaka ni kusomewa. Njoo Ijumaa baada ya sala, mjukuu wangu, uje na madaftari yako yote, na yeye nitamwita. Usome kwa sauti, usione haya. Penye uongo tutakwambia. Penye kweli tutaitika.

MWALIMU: Na mimi nitakuja.

MTAMBAJI: Ukija, uje na mashairi yako, Mwalimu.

MHARIRI: Haya, someni. Mimi siwezi kumpinga mtani mbele ya mjukuu wake. Lakini niseme la kazi yangu, maana nitapanda gari kurudi Dar na jambo hili litabaki kwenu. Dirisha la tuzo likifungwa halimsubiri mjane wala Ijumaa.

MWANDISHI: Litafunguliwa mwakani.

MHARIRI: Mwaka jana pia ulisema mwakani. Na nafasi yako mwaka huu itachukuliwa na mtu aliyeandika vibaya kuliko wewe, asiyewahi kulinda tanuri na asiyemuuliza mtu yeyote. Kitabu chake ndicho watoto wa Vihingo watakachosomeshwa darasani.